Mswada wa Pili Ambao Hatukuuangalia



Nianze na swali. Juni 2024, uliyekuwa barabarani na uliyekuwa nyumbani na simu mkononi, sote tuliujua Mswada wa Fedha. Tuliujua mpaka ushuru wa mkate. Sasa niambie: ulijua kwamba wakati huo huo Bunge lilikuwa na mswada mwingine?

Ule unaitwa Mswada wa Matumizi. Mswada wa Fedha unasema serikali itachukua nini mfukoni mwako. Wa Matumizi unasema pesa hizo zitaenda wapi: wizara gani, kiasi gani, kwa kazi gani. Rais alikataa kutia sahihi ule wa kwanza tarehe 26 Juni. Wa pili aliutia sahihi siku hizo hizo, akaiagiza Hazina ya Kitaifa ilete bajeti ya ziada ya kupunguza shilingi bilioni 346. Julai akatangaza hesabu nyingine: bilioni 177 zikatwe, zilizobaki zikopwe. Yaani kodi iliondoka, lakini karibu nusu ya matumizi yale ikageuzwa deni. Na deni, mpendwa, atalilipa nani?

Ndiyo maana nasema tumezoea kufika sokoni jioni. Tunangoja Waziri wa Fedha atokee katikati ya Juni na mkoba wake, kamera zikimulika, tunadhani pale ndipo bajeti inaanza. La! Katiba, kifungu cha 221, inamtaka apeleke makadirio Bungeni angalau miezi miwili kabla mwaka wa fedha kuisha. Mwaka unaisha Juni 30, kwa hivyo mwisho wake ni Aprili 30. Na kabla ya hapo, Februari, kuna taarifa ya sera ya bajeti inayoweka kiwango cha juu cha kila sekta. Anayetaka zahanati ya kwao ikumbukwe asingoje ule mkoba.

Kifungu hicho hicho kinasema kamati ya Bunge inayoyapitia makadirio *lazima* itafute maoni ya wananchi, na maoni hayo yazingatiwe inapotoa mapendekezo. Si hisani ya mheshimiwa. Ni Katiba.

Bunge likishapitisha, bado pesa hazitoki hivi hivi. Msimamizi wa Bajeti hawezi kuidhinisha zitolewe mpaka aridhike kwamba sheria imeruhusu. Mwaka ukiisha, Mkaguzi Mkuu ana miezi sita kutoa ripoti. Riba ya deni la taifa haimo katika mswada huu kabisa. Inatozwa moja kwa moja kwenye mfuko mkuu wa serikali, wabunge wapende wasipende. Kila tukikopa zaidi, kile kinachobaki cha kujadiliwa kinapungua.

Halafu kuna mlango wa nyuma, nao ni kifungu cha 223. Serikali inaweza kutumia pesa ambazo Bunge halijaidhinisha, ikiwa zilizotengwa hazikutosha au limezuka jambo jipya, kisha ije kuomba idhini ndani ya miezi miwili. Kikomo ni asilimia 10 ya kiasi kilichopitishwa mwaka huo. Mlango huu una maana yake, mafuriko hayangoji kikao. Lakini wabunge wanapoulizwa kuhusu pesa zilizokwisha kuliwa, watasema nini? Hapo mimi nawaona wamefungwa mikono, na sisi tumefungwa zaidi, maana bajeti ya ziada hupita haraka, wengi tukiwa hatuna habari.

Kwa hivyo fanya hivi. Mei ikikaribia, tafuta tangazo la Bunge la kuomba maoni, magazetini na kwenye tovuti yake. Kitabu cha makadirio ni kinene, usikiogope. Usikisome chote. Chagua wizara moja tu, sema ya elimu, tafuta jambo linalowagusa mtaani kwenu, linganisha kiasi cha mwaka uliopita na cha mwaka huu. Kisha andika ukurasa mmoja kwa Karani wa Bunge: ni fungu lipi, ni shilingi ngapi, na unataka zipunguzwe au ziongezwe, na kutoka wapi. Hilo la "kutoka wapi" usilisahau, wengi wetu ndipo tunapokwama. Andikeni watatu au wanne pamoja, mkiwa na majina na nambari za vitambulisho, na mbakize nakala yenu yenye tarehe.

Wassalaam aleikum.