MAJI YALIYO CHINI YA WAYA WA STIMA

(Hotuba waliyopewa mafundi na vibarua wa mitaro)



Nimeombwa nieleze habari za stima ya upepo wa baharini, na jinsi maji ya watu yanavyochungwa pale nyaya zake zinapopita chini ya ardhi. Sisi Kenya hatuna mashine hizo baharini. Uingereza wanazo nyingi, nami nachukua mfano mmoja, East Anglia ONE, iliyomalizika mwaka 2020. Mashine za upepo ni 102, na nguvu zake megawati 714. Nyaya zatoka baharini mahali paitwapo Bawdsey, zapita chini ya mashamba ya Suffolk kiasi cha kilomita 37, na chini ya mto Deben, mpaka kituo cha Bramford. Chini kabisa ya nchi ile uko mwamba wa chokaa uliojaa maji, na watu huyavuta wakanywa.

Wengi hudhani waya wenyewe ndio mchafu. Sivyo. Zamani nyaya nyingi kubwa zilikuwa na mafuta ndani, na zikitoboka yaliingia udongoni. Za siku hizi zimevikwa plastiki, hazina mafuta. Hatari huja siku waya unapoharibika, gari la mafundi likafika na koleo, pampu na pipa la dizeli. Yaani hatari huja na sisi.

Shimo likichimbwa penye maji ya karibu, hujaa, nasi tunatia pampu. Maji yale ni tope. Yakimwagwa moja kwa moja mtoni, hufunika changarawe ambamo samaki hutaga mayai. Yapasa kukaa kwanza katika tangi mpaka tope lishuke. Tena kule Uingereza, kwa kawaida mtu akivuta zaidi ya lita 20,000 kwa siku, lazima awe na ruhusa ya serikali.

Liko jambo ambalo nyapara mwenye haraka hulisahau. Mtaro wa waya mara nyingi hujazwa mchanga, na mchanga hupitisha maji upesi. Mtaro ukiteremka mlima, huwa mfereji wa siri: wakausha chemchemi huku na kufurika shamba la mtu kule. Kwa hiyo wajenzi huweka vizuizi vya udongo wa mfinyanzi ndani ya mtaro. Fundi wa matengenezo akichimbua kizuizi akarudisha mchanga mtupu, amevunja kazi ya wenzake, na hapana atakayeona maana imefukiwa.

Huko kituoni, transfoma ingali na mafuta. Huzungushiwa ukuta wa saruji, na mvua ikinyesha maji hukaa humo. Anayeyatoa atazame kwanza kama mafuta yanaelea.

Waingereza wamechora ramani za visima vya kunywa. Eneo la ndani kabisa ni lile ambalo uchafu ukiingia katika maji ya ardhini waweza kufika kisimani kwa siku 50 au pungufu. Hapo si mahali pa kutilia mashine mafuta.

Kwa nini nawasumbua na habari za ng'ambo? Kwa sababu koleo ni lile lile. Visima vya Tiwi, huko Kwale, vyanywesha watu wa pwani ya kusini, na ardhi ya mchanga haizuii dizeli. Mimi mwenyewe nikiwa kibarua nilishika pampu, nikaambiwa nimwage popote. Nilimwaga. Jioni akina mama wakaja na ndoo, wakatazama kijito, wakarudi bila neno. Ningalikataa, kesho yake nisingalipata kazi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mfanyakazi amwambie msimamizi akiona hatari kubwa kwa watu walio kazini. Sisi twataka mkataba wetu uyataje na maji: kibarua akisimamisha pampu kwa sababu ya mafuta au tope, asikatwe mshahara wala asifukuzwe, na tangi na udongo wa mfinyanzi vihesabiwe katika bei ya kazi tangu mwanzo.

Madai haya yatapelekwa kwa waajiri. Kabla ya hapo kila tawi litapata karatasi yake. Wajumbe waisome mtaroni, wakati wa chai, na vibarua wasio na kadi waisikie pia.