Shilingi 50 za Kushika Foleni

Hukumu ya Jumanne, Aprili mosi 2025, imeshasikika Kisauni nzima, hapa Mombasa. Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu amesema zile shilingi 50 anazokatwa Mkenya kila anapolipia huduma kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, hazina msingi wa kisheria, na kwamba mzazi halazimiki kulipa karo kwa njia hiyo, kama waraka wa Wizara ya Elimu wa Januari 2024 ulivyotaka. Kinachokitia wasiwasi kituo hiki ni shilingi 50 nyingine, za kushika foleni saluni, ambazo bado hazijafika mbele ya jaji yeyote.

Mtaa wa Mishomoroni unazijua zile 50 za eCitizen. Kijana anayetafuta kazi Ghuba huanza na cheti cha tabia njema. Bei yake ni shilingi 1,050: elfu moja ya cheti, 50 ya mtandao. Kisha hubuku siku ya kuchukuliwa alama za vidole. Asiye na bando huenda saiba, akamlipa mwenye saiba amjazie fomu. Halafu nauli ya matatu kuvuka daraja la Nyali. Kabla hajaguswa kidole ameshalipa njia nzima, na katika malipo hayo yote yanayoudhi zaidi ni zile 50, kwa sababu hazinunui chochote. Ni ada ya kuruhusiwa kulipa ada. Kituo hiki kimelisema hili mara nyingi na kitalisema tena.

Sasa mtindo huo huo unabisha hodi saluni.

Hukumu hiyo ilikuja wakati wa Idi. Kila aliyepita Mishomoroni magharibi aliona hali ilivyokuwa: wasusi wakifanya kazi hadi usiku, wapaka hina wakiwa na mikono kumi inayosubiri, mafundi cherehani wakizima simu kwa kuogopa kuulizwa nguo. Zamu ziliandikwa kwenye daftari, na waliopiga simu walipotelea hewani. Hapo ndipo programu za kuweka miadi zinapopata sikio. Mteja anaona saa iliyo wazi, anaichagua, anakumbushwa kwa ujumbe, na mama mwenye mtoto mchanga hakai kwenye benchi saa nne.

Faida hiyo ni ya kweli, na Mwafrika ana mkono ndani yake. Tope Awotona, mzaliwa wa Lagos, alianzisha Calendly huko Marekani mwaka 2013 ili watu waache kupigiana simu kumi kwa ajili ya miadi moja. Anayepinga hili atakuwa anapinga pumzi ya msusi.

Lakini nani analipa, na analipa nini? Fresha ya London, mojawapo ya programu kubwa za saluni duniani, hudai asilimia 20 ya miadi ya kwanza ya mteja mpya anayepatikana kupitia soko lake la mtandaoni. Nywele zikisukwa kwa shilingi 1,000, 200 zimekwenda. Hizo ni zile 50 mara nne, na zinatoka kwa mwanamke aliyesimama tangu asubuhi, ambaye bado ana kodi ya chumba, umeme na leseni ya kaunti.

Kuna jambo zito kuliko hata zile 50, nalo ni sitara. Daftari la msusi lina majina na namba za wanawake wa mtaa, na tarehe ya harusi ya kila biharusi. Likifungiwa kwenye programu ya mtu mwingine, msusi akitaka kuhama ataondoka na nini? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamlinda mwenye namba hizo. Biashara yenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiozidi tisa imesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini haikusamehewa kutunza siri ya mteja.

Na mtandao huanguka. Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa na wadukuzi, abiria wa treni ya Madaraka Express waliambiwa walipe taslimu stesheni. Reli ina stesheni na makarani. Msusi ana nini, kama daftari alishalitupa?

Basi wasusi, vinyozi na mafundi wa Mishomoroni wasikimbilie kuweka sahihi. Waanze na WhatsApp Business, ambayo tangu 2018 imekuwepo bila malipo, inajibu salamu yenyewe na kuonyesha bei. Wakimkaribisha mwenye programu, aeleze kwa Kiswahili anakata ngapi na kwa nani, na kama namba za wateja zitarudi kwa msusi siku ya kuachana. Asiyeweza kujibu arudi na programu yake. Arubuni iende moja kwa moja kwenye till ya msusi, isipitie kwa wa tatu. Na wakatae 50 za kushika foleni! Wazikatae sasa, kabla hazijazoeleka, kabla haijabidi mtu kwenda mahakamani kuzitoa.

Idi nyingine itakuja. Kila saluni itakayokuwa imeanza kubukisha kwa simu itenge viti vya asubuhi kwa anayekuja kwa miguu, bibi asiye na simu ya kisasa akiwa wa kwanza, na daftari libaki pale pale juu ya meza, na kalamu yake.