Maji ya Kunywa ya Kuku na Bata
(Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi vyenye miradi ya ufugaji wa ndege)



Yai la kuku, likipimwa uzito wake bila ganda, takriban robo tatu ni maji. Mwanachama anayepeleka trei za mayai sokoni anauza maji zaidi ya kitu kingine chochote, na maji hayo hayakutoka kwenye pumba wala kwenye dagaa. Yalitoka kwenye chombo kilichowekwa bandani asubuhi. Hata hivyo, katika daftari za miradi mingi ya kuku mna safu ya vifaranga, safu ya chakula, safu ya dawa na chanjo, hata safu ya misumari. Safu ya maji haimo. Maji huchukuliwa kuwa ni kitu cha bure, na aghalabu huwa bure kwa sababu yupo mtu ayachotaye bila kulipwa.

Katika chama kimoja cha msingi mayai yalipungua sana miezi ya joto. Halmashauri ilimshuku kwanza mwuza chakula. Ilipoonekana kwamba chakula ni kile kile cha siku zote, macho yakamgeukia mtunza banda, ikasemwa kwamba mayai yanatoka usiku. Barua ya kumwachisha kazi ilikwisha kuandikwa, ikawa inangoja sahihi tu. Aliyeokoa jahazi ni mama mmoja, mjumbe, aliyeuliza kikaoni swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: ndoo ngapi za maji huingia bandani kwa siku? Zilikuwa mbili, za lita 20 kila moja, kwa kuku 200. Kisima kilikuwa mbali, na mtunza banda alikuwa na kichwa kimoja na mikono miwili. Muhtasari wa vikao ulipofunuliwa, ikaonekana kuwa mtu huyo aliomba baiskeli ya kuchotea maji, na ombi lake liliahirishwa mara mbili na halmashauri ile ile iliyomwita mwizi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kuku anayetaga hunywa kiasi cha robo lita kwa siku hali ya hewa ikiwa ya wastani, na jua likiwa kali huweza kufikia nusu lita. Kuku 200 basi huhitaji lita 50, na siku za joto hata lita 100. Ndoo mbili zilikauka kabla ya adhuhuri, yaani kabla ya saa zile ambazo kuku huhema mdomo wazi. Kuku akikosa maji hupunguza kula, na asiyekula hatagi. Tena hapendi maji ya moto. Chombo kikiachwa juani atakizunguka bila kunywa. Chombo kikae kivulini, na penye mtungi wa udongo utumike kuhifadhia, maana maji yake hupoa yenyewe.

Bata ana mambo yake, na wengi humfuga kana kwamba ni kuku mwenye miguu mipana. Bata hahitaji ziwa ili aishi. Anachohitaji ni maji yenye kina cha kumwezesha kuzamisha mdomo wote pamoja na matundu ya pua, kwa kuwa hivyo ndivyo ajisafishavyo pua na macho. Akinyweshwa katika sahani ya kuku, chakula hukauka na kuziba puani, na macho hushikwa na tongotongo. Kadhalika hula kwa kuchanganya tonge na funda la maji. Pumba kavu bila maji karibu humkaba. Tatizo ni kwamba baada ya dakika chache maji hayo huwa uji wa matope. Kwa hiyo bata na kuku wasinyweshwe chombo kimoja.

Chombo cha bata hutengenezwa vizuri kwa dumu la plastiki lililokatwa madirisha ubavuni, kila dirisha likitosha kichwa na shingo lakini si mwili. Liwekwe juu ya kichanja kilichojengwa juu ya shimo dogo lililojazwa kokoto, ili maji yanayomwagika yanywee chini yasifanye dimbwi. Kwa kuku, kopo huinamishwa juu ya kisahani baada ya kutobolewa tundu karibu na ukingo wake. Tundu hilo sharti liwe chini kuliko ukingo wa kisahani; likiwa juu zaidi, maji yote humwagika, na wapo waliokata tamaa na ufundi huu kwa kosa hilo tu. Vifaranga hufa maji hata katika bakuli, basi litiwe vijiwe. Vifaranga wa bata walioanguliwa bila mama wasiachwe kuogelea: manyoya yao ya kwanza hulowa, nao hufa kwa baridi.

Kumwagika kwa maji ni jambo zito kuliko linavyodhaniwa. Vijidudu vya kuhara damu hutoka katika kinyesi vikiwa havijakomaa. Vipatapo unyevu na joto, siku moja au mbili zatosha kuviwezesha kuambukiza. Maranda yaliyolowa kuzunguka chombo yaondolewe siku hiyo hiyo. Mafua ya kuku na kipindupindu cha kuku navyo husambazwa kwa maji ya kunywa, ndege mgonjwa akitia mdomo na wazima wakafuata. Chombo kisuguliwe kila siku hadi utelezi utoke, kikaushwe juani.

Kuhusu madimbwi na kingo za maziwa, yafaa kukumbuka yaliyotokea Uganda mwezi Januari 2017, homa ya mafua ya ndege ya aina ya H5N8 ilipoonekana kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria, na pia kwa bata na kuku wa kufugwa. Ndege wa porini huacha virusi majini kwa vinyesi vyao, na bata aweza kuvibeba bila kuonyesha ugonjwa. Mwenye kisima asiwaachie bata wake ziwani.

Limebaki la chanjo. Chanjo ya mdondo itolewayo kwa maji huuawa na klorini, ile ile isifiwayo siku nyingine. Maji ya bomba yalazwe usiku kucha katika chombo kilicho wazi, au yatumike maji safi ya kisima. Vyombo visiwe na kutu wala mabaki ya sabuni. Kuku wanyimwe maji kwa saa moja au mbili alfajiri, ili wakipewa wanywe wote kwa haraka.

Katika chama kilichotajwa, barua ile haikutiwa sahihi. Pipa la lita 200 na baiskeli vimeandikwa katika rejesta ya mali, na mtunza banda sasa hutia idadi ya ndoo za kila siku katika safu yake, pembeni mwa idadi ya mayai.