Karatasi za Nyimbo za Zamani: Kuzikusanya na Kuziandika

(Maneno yaliyonenwa Nkoaranga katika siku za yubile)



Katika siku hizi mengi yamesemwa juu ya watu na juu ya majengo. Tumekumbushwa habari za Ovir na Segebrock waliouawa Akeri mwaka 1896, na za misheni iliyoanzishwa hapa Nkoaranga mwaka 1902. Sisi waalimu tumepewa nafasi ya kunena juu ya kitu kidogo, nacho ni karatasi. Twanena juu ya zile karatasi moja moja zilizopigwa chapa nyimbo na mashairi, nyingine kwa mashine ya stensili, watu wakagawiwa siku ya sikukuu, ya arusi au ya maziko, kisha wakazikunja na kuzitia ndani ya Biblia, au sandukuni chini ya nguo.

Labda mtu atauliza, "Karatasi hizo za nini, na kitabu cha nyimbo tunacho?" Swali hili ni jema. Kitabu hukusanya nyimbo zilizochaguliwa, bali karatasi huonyesha wimbo ulikoanzia. Kitabu cha kwanza cha nyimbo za Kilutheri, kilichopigwa chapa Nürnberg mwaka 1524, kilikuwa na nyimbo nane tu, na baadhi yake zilikwisha kupita mikononi mwa watu katika karatasi moja moja. Tena wimbo usiochaguliwa hauna makao mengine ila karatasi yake. Mchwa wakiila, wimbo nao umekwisha.

Kazi hii si ngeni duniani. Huko Uingereza Samuel Pepys, aliyefariki mwaka 1703, alikusanya karatasi za nyimbo zilizouzwa njiani, zaidi ya 1,700, akazipanga katika vitabu vitano: za ibada mahali pake, za misiba mahali pake, za mapenzi na za bahari vivyo hivyo. Hata leo zimetunzwa Cambridge. Na katika nchi yetu J. W. T. Allen alizikusanya tenzi na mashairi ya pwani yaliyoandikwa kwa mkono, yakawekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Orodha yake ilipigwa chapa mwaka 1970. Atafutaye utenzi leo huanza kwa orodha ile.

Tazameni faida ya kuandika. Wimbo wa Pasaka uitwao Mfurahini Haleluya ulitungwa na Bernard Kyamanywa mwaka 1966. Wajerumani nao huuimba kwa lugha yao. Katika kitabu chao ni namba 116, na jina la Kyamanywa na mwaka wake vimeandikwa pale. Karibu nasi, Makumira, mwalimu Howard Olson alikusanya nyimbo za Kikristo zenye sauti za Kiafrika, akazitoa katika kitabu cha Tumshangilie Mungu. Lakini waalimu wa vijiji vyetu waliotunga nyimbo kwa ajili ya mtaa mmoja, ni nani ajuaye majina yao? Wajukuu huziimba, wala hawajui ya kuwa mtungaji ni babu yao.

Basi, twafanyaje? Kila karatasi hupewa namba, nayo huandikwa nyuma, pembeni, kwa penseli wala si kwa wino. Kisha katika daftari twaandika mstari wa kwanza wa wimbo, maana jina la wimbo hubadilika mtaa kwa mtaa, jina la mtungaji au mfasiri, sauti yake, mahali ilipopigwa chapa, mwaka, na mtu aliyeitunza, pamoja na siku aliyogawiwa. Hilo la mwisho lina thamani kuu, kwa kuwa karatasi nyingi hazina mwaka. Mama mzee akisema, "Hii tuliimba siku ya kumzika mume wangu," twaenda kusoma mwaka juu ya msalaba wa kaburi, na mwaka wa karatasi umepatikana. Tusipoupata, twaandika "haujulikani", wala hatubuni.

Tena hatusahihishi herufi za zamani, wala hatutupi nakala ya pili, maana huenda ina ubeti ambao ya kwanza haina. Karatasi iliyochanika haitiwi gundi wala selotepu. Huwekwa katika bahasha, imenyoshwa, mbali na moshi wa jikoni na unyevu wa masika.

Wako wanaoogopa kuzitoa, nasi hatuwalaumu, kwa kuwa ni urithi wa marehemu wao. Hatukuja kuwanyang'anya. Karatasi hupigwa picha kwa simu mezani pa mwenyewe, naye akitazama, kisha huirudisha sandukuni kwa mkono wake. Sisi twaondoka na picha na maneno yake.

Neno moja twawasihi sana. Karatasi ikikunjwa vema yaweza kungoja miaka mingine hamsini, lakini mzee aijuaye hawezi kungoja hivyo. Akiisha kulala, karatasi itabaki, nayo haitaweza kutuambia ni nani aliyeitunga, wala watu waliimba kwa furaha ama kwa machozi. Kwa hiyo ninyi vijana, jioni ya leo mwombeni bibi afungue sanduku lake, mkaandike anayoyasema kama anavyoyasema. Naye asiye na karatasi, bali ana wimbo kichwani tu, asione haya kutuita. Daftari letu lina nafasi yake pia.