Kikopo Kilichorudi Kitupu: Kutafuta Kifua Kikuu kwa Wagonjwa Waliolazwa

Kila wodi ya magonjwa ya ndani inakijua kikopo kile cha plastiki chenye mdomo mpana na kifuniko cha kukaza, jina la mgonjwa limeandikwa ubavuni. Muuguzi hukiacha kando ya kitanda jioni na kumwomba mgonjwa akohoe kutoka ndani kabisa ya kifua mara atakapoamka. Asubuhi kikopo hukutwa kitupu, au kina mate matupu. Mgonjwa hakukaidi. Amekonda, ana homa wiki ya tatu sasa, anahema, na nguvu ya kukohoa hana.

Mada hii ya semina inamhusu mgonjwa huyo. Hoja yake ni kwamba utafiti wa magonjwa ya mapafu wodini umekuwa na faida pale tu ulipoanza na kile ambacho mgonjwa anaweza kutoa, na ulipohesabu mwishoni ni wangapi waliotoka hospitalini wakiwa hai.

Tangu Robert Koch alipotangaza mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amekiona kimelea cha kifua kikuu, makohozi yamekuwa ndiyo shahidi mkuu. Kwa zaidi ya karne moja maabara nyingi zilitegemea kuyapaka rangi na kuyatazama kwa hadubini. Njia hiyo ni ya bei nafuu na imeokoa wengi, lakini inahitaji vimelea kati ya 5,000 na 10,000 katika kila mililita ili jicho liweze kuviona. Kuotesha vimelea huvigundua hata vikiwa vichache zaidi, ila majibu huweza kuchukua wiki nane. Kwa mtu aliyelazwa hoi, wiki nane huweza kuwa muda mrefu kuliko uhai uliobaki.

Waswahili husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kifua kikuu cha mgonjwa mwenye VVU ambaye kinga yake imeporomoka hufichika. Yale mashimo ya mapafuni yanayomwaga vimelea kwenye makohozi hutokana kwa sehemu kubwa na mapambano ya kinga yenyewe. Kinga ikiisha, mashimo hayafanyiki, picha ya eksirei inaweza kuonekana karibu ya kawaida, na vimelea husafiri kwa damu hadi kwenye ini, wengu na figo. Uchambuzi uliokusanya tafiti za uchunguzi wa maiti kutoka nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta kifua kikuu katika takriban asilimia 40 ya watu wazima waliofariki wakiwa na VVU. Karibu nusu yao hawakuwa wamegunduliwa walipokuwa hai. Hao walikuwa watu waliolala katika vitanda vya hospitali, wakapimwa joto asubuhi na jioni, wakaandikiwa dawa za nimonia, na ugonjwa uliowaua haukuandikwa popote kwenye faili.

Wodi za Afrika Mashariki si ngeni katika utafiti wa namna hii, na historia yake inastahili kukumbukwa kwa fahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, hospitali za Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia zilishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza kujaribu jambo ambalo wengi walilitilia shaka: kuponya kifua kikuu kwa miezi sita badala ya 18. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliopewa streptomaisini, isoniazidi na rifampisini kwa miezi sita, ni takriban asilimia 3 tu ambao ugonjwa uliwarudia. Rifampisini ilipobadilishwa na pirazinamidi, kiwango kilikuwa kama asilimia 8. Kwa streptomaisini na isoniazidi pekee kilipanda hadi karibu 29. Tiba ya miezi sita iliyoenea baadaye duniani kote ina mizizi katika vitanda hivyo.

Kilichoufanya utafiti ule uwe imara ni uvumilivu wa waliouendesha. Wangalihesabu tu nani makohozi yake yamekuwa safi siku ya mwisho ya dozi, tofauti kati ya tiba hizo isingaliwashtua sana. Waliendelea kuwafuatilia wagonjwa baada ya dawa kusimamishwa, na ndipo ukweli ukajitokeza.

Somo hilo lilihitajika tena mashine ya GeneXpert ilipofika. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Desemba 2010, na ilistahili: inasoma vinasaba vya kimelea kwa muda usiofika saa mbili, na papo hapo inaonyesha kama kimelea kimekuwa sugu kwa rifampisini. Jaribio lililofanyika katika zahanati na vituo vya afya vya Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia na Tanzania, likachapishwa mwaka 2014, lilionyesha kwamba wauguzi wenyewe wanaweza kuiendesha na wagonjwa wengi zaidi wakaanza dawa siku ileile. Hata hivyo afya ya wagonjwa miezi michache baadaye haikutofautiana na ya waliopimwa kwa hadubini. Sababu yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kufanya kazi huko: pale hadubini ilipokosa, waganga walikuwa tayari wanaanzisha dawa kwa kutazama dalili. Mashine nzuri ilikuta nafasi yake imekwisha kujazwa na uzoefu wa mganga. Na bado ilikuwa inasubiri makohozi.

Mkojo ulibadilisha swali. Ukuta wa kimelea cha kifua kikuu una sukari iitwayo lipoarabinomanani, kwa kifupi LAM, ambayo huchujwa na figo, na huonekana zaidi pale ugonjwa ulipokwisha kusambaa mwilini. Kipimo chake ni kijikaratasi: matone machache ya mkojo, dakika 25, kisha mstari unatokea au hautokei. Hakihitaji umeme wala maabara, wala mgonjwa kuhamishwa kitandani. Hapa kinga dhaifu, ambayo huyavuruga makohozi, hukisaidia kipimo, kwa kuwa anayeumwa zaidi ndiye mwenye LAM nyingi zaidi.

Kati ya Januari 2013 na Oktoba 2014, hospitali 10 za Afrika Kusini, Tanzania, Zambia na Zimbabwe zilikijaribu kwa wagonjwa wenye VVU waliolazwa wakiwa na dalili za kifua kikuu. Wote walipata vipimo vya kawaida. Nusu yao waliongezewa kile cha mkojo. Hesabu ya mwisho ilihusu watu 2,528. Baada ya wiki nane, waliofariki walikuwa asilimia 25 katika kundi la vipimo vya kawaida na asilimia 21 katika kundi lililopimwa mkojo: vifo 317 dhidi ya 261. Tofauti hiyo ililetwa na kijikaratasi.

Jaribio lililofuata, liitwalo STAMP, lilifanyika Malawi na Afrika Kusini kuanzia 2015 hadi 2017, na likaenda mbali zaidi: kumpima mkojo kila mwenye VVU anayelazwa, awe anakohoa au hakohoi. Kifua kikuu kiligunduliwa kwa asilimia 21.9 ya waliopimwa mkojo pamoja na makohozi, ikilinganishwa na 14.9 ya waliopimwa makohozi peke yake. Vifo vilikuwa asilimia 18.3 dhidi ya 21.1, pengo ambalo kitakwimu halikutosha kusema kwa uhakika kwamba halikutokana na bahati. Ni lazima lisemwe hivyo hivyo, bila kulipamba. Lakini kwa wenye chembe za kinga za CD4 chini ya 100, wenye upungufu mkubwa wa damu, na wale ambao mganga alikwisha kuwashuku tangu walipopokelewa, vifo vilipungua waziwazi.

Kipimo hiki kina mpaka wake, na wodini ndiko unakosahaulika kwa urahisi. Hata kwa waliolazwa wenye dalili, kinakamata takriban nusu tu ya wenye kifua kikuu. Mstari usipotokea, haimaanishi kwamba mgonjwa hana kifua kikuu. Mganga bado anapaswa kutazama eksirei, kupapasa tezi, kuuliza nani mwingine nyumbani anakohoa. Watoto nao wana kisa kinachofanana: humeza makohozi badala ya kuyatema, na ndiyo maana mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza choo chao kipimwe kwa GeneXpert badala ya kutegemea kuwapitishia mpira puani hadi tumboni.

Kwa hospitali zinazoshiriki semina hii, pendekezo ni dogo: kila faili la mgonjwa mwenye VVU anayelazwa liandikwe saa alipopokelewa, saa mkojo ulipopimwa, na saa alipomeza kidonge cha kwanza. Saa hizo tatu zikikusanywa kwa miezi sita, pamoja na hali ya kila mgonjwa siku ya 56, yaani baada ya wiki nane, wodi itakuwa na utafiti wake yenyewe. Anayeweza kuuanza ni muuguzi wa zamu ya usiku, yule yule anayekiacha kikopo kando ya kitanda.