Rangi ya Trekta Letu la Kale

Hotuba ya Katibu katika Mkutano Mkuu wa Maadhimisho ya Miaka Kumi



Tumeagizwa na Halmashauri tueleze mbele yenu jambo lililozusha maneno mengi vijijini: kwa nini trekta lililosimama hapo uwanjani limepakwa rangi ya kijivu na ya shaba, hali wengi wenu mlilizoea jekundu. Swali hilo ni la haki. Fedha iliyotumika ni yenu, na kila senti yake ilitoka katika jasho la pamba.

Kwanza hatuna budi kukiri kosa letu. Tulipokata shauri kulitengeneza trekta hili, tulilolinunua kama chuma chakavu, sisi wa ofisini hatukuchunguza. Tuliona wekundu uliopauka juu ya boneti, tukaenda mjini, tukanunua madebe manne ya rangi nyekundu. Fundi alipoanza kazi alituita, akakifungua kibati cha namba. Nyuma yake, mahali pasipofikiwa na jua wala brashi, palikuwa na rangi ya kijivu. Na ubavuni mwa injini, chini ya wekundu na grisi iliyoganda, rangi mfano wa shaba.

Ndipo tulipoanza kujifunza. Trekta hili ni Ferguson 35, lililoundwa Coventry, Uingereza. Tangu mwaka 1946 hadi 1956 kiwanda cha huko kiliunda matrekta madogo ya Ferguson zaidi ya 500,000, yaliyojulikana kote kwa rangi yao ya kijivu. Lilipotoka hili la 35 mwaka 1956, mabati yake yalikuwa ya kijivu, na injini na giaboksi vya rangi ya shaba. Lakini Ferguson alikuwa amekwisha kuungana na Massey-Harris mwaka 1953, na mwishoni mwa 1957 trekta lile lile likaanza kutoka kwa jina la Massey Ferguson, likiwa na mabati mekundu na injini ya kijivu. Basi kijivu na shaba vilidumu pamoja kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi kidogo, na letu ni la muda huo.

Wengine watasema, rangi ni pambo tu. Sivyo. Matrekta ya Fordson ya Dagenham yalipakwa rangi ya machungwa kuanzia mwaka 1937. Vita vilipokuja, mwaka 1940 yakageuzwa kuwa ya kijani, kwa kuwa rangi ya machungwa ilionekana upesi na ndege za adui. Mtu akilipaka Fordson la mwaka 1941 rangi ya machungwa, ingawa litapendeza, amevifuta vita katika habari zake.

Hata hivyo, shauri halikuwa jepesi. Mzee wetu mmoja, aliyeliendesha trekta hili tangu ujana wake, alifika ofisini, akasema: “Wanangu, mimi nililima nalo miaka kumi na moja likiwa jekundu. Leo mwataka kuniambia sikuona?” Tuliona haya. Tukamjibu: “Mzee wetu, uliona kweli. Aliyelipaka rangi nyekundu alifanya hivyo kabla hujalishika usukani.” Kwa ajili yake, na kwa ajili ya ukweli, ndani ya madigadi ya kushoto tumeacha kipande cha kiganja cha mkono bila kupakwa. Hapo mtaona wekundu wa mzee, na kijivu cha kiwandani chini yake. Tumepaka vanishi juu, yasipotee.

Kwa wanachama wenye matrekta ya kale, twawaachia haya tuliyojifunza. Someni kwanza kibati cha namba, mpate kujua mwaka. Msichukue mfano wa rangi juu ya boneti, kwani jua huipausha. Tafuteni chini ya betri, nyuma ya dashibodi na chini ya vibati. Msitaje dukani “nyekundu” au “kijivu” tu. Pelekeni kipande chenyewe. Jaribuni rangi juu ya bati dogo, iacheni ikauke, kisha ilinganisheni mchana nje, si kwa taa. Na msisugue rangi ya kale kwa msasa mkavu: rangi za zamani huenda zina risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesheni maji, mfunike pua na mdomo.

Ndugu wanachama, miaka kumi iliyopita tuliahidiana kwamba katika madaftari ya chama hiki kosa halitafutwa. Litapigwa mstari, na sahihi iandikwe kando yake. Trekta hili tumelitendea vivyo hivyo.

Na yale madebe manne? Muuza duka alikataa kuyarudisha. Ndiyo sababu milango ya ghala letu ni myekundu leo. Gharama yake imo katika hesabu mtakazosomewa, chini ya jina lake lenyewe: kosa la ofisi.