Kemo Imeisha, Usingizi Haujarudi

Mwaka 2007 watafiti wa Dartmouth, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, walichapisha taarifa ya wanawake wawili tu. Walikuwa mapacha wa kufanana, wote wana miaka 60. Mmoja alikuwa ameugua saratani ya titi akatibiwa kwa kemo. Mwenzake hakuwa ameugua. Yule aliyetibiwa alilalamikia kumbukumbu na umakini wake kuliko pacha wake, tena kwa mbali. Wakapewa majaribio yale yale ya akili. Matokeo yakakaribiana.

Katika kliniki ya kawaida mambo yangeishia hapo. Mama angeambiwa yuko sawa, arudi nyumbani, apunguze mawazo. Watafiti hawa waliendelea. Waliwaweka wote wawili kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, na kuwapa zoezi la kumbukumbu wakiwa humo humo. Ubongo wa yule aliyepata kemo ulilazimika kuamsha eneo kubwa zaidi ili kufanya kazi ile ile. Na katika nyuzi zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine, yeye alikuwa na madoa mengi zaidi. Ni kama wanawake wawili walioleta nyumbani ndoo za maji zilizojaa sawasawa, mmoja kachota bombani uani, mwingine kapanda nayo mlima. Ukipima ndoo peke yake, huoni tofauti.

Mapacha wawili hawathibitishi jambo la dunia nzima. Hata hivyo, kisa chao kinasaidia kuelewa kwa nini wanawake wengi waliotibiwa saratani ya titi wanasema wanasahau, huku majaribio yakisema hawasahau. Anayesema hivyo hadanganyi wala hadeki. Anafika kule kule kwa nguvu nyingi zaidi, na jioni amekwisha.

Malalamiko yenyewe huwa ya mambo madogo. Katibu wa kikoba aliyezoea kutaja kwa kichwa nani kalipa hisa na nani bado, sasa anafungua daftari mara tatu. Mwalimu anasimama ubaoni akitafuta jina la mwanafunzi ambaye amemfundisha tangu Januari. Namba ya siri ya simu inagoma kuja kwa wakala, na walio nyuma kwenye foleni wanaanza kuguna. Akiyasema haya nyumbani atajibiwa kwa upendo kabisa: “Mama, si umri tu huo? Mshukuru Mungu umepona.” Basi hayasemi tena.

Tuje kwenye takwimu. Mwaka 2017 Michelle Janelsins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester walitoa matokeo ya utafiti uliofuatilia wagonjwa 581 wa saratani ya titi kutoka vituo mbalimbali vya Marekani, pamoja na wanawake 364 wasio na saratani. Waliulizwa hali zao kabla ya kemo, ilipomalizika, na miezi sita baadaye. Kemo ilipoisha, asilimia 45 ya wagonjwa walieleza kwamba uwezo wao wa kukumbuka na kufikiri umeshuka. Kwa wasio wagonjwa ilikuwa asilimia 10. Baada ya miezi sita bado zaidi ya theluthi ya wagonjwa walisema hivyo. Na Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wanawake 196 waliopata kemo ya aina ya zamani walipimwa baada ya takriban miaka 21. Walikuwa nyuma kidogo ya wenzao wasiougua, hasa katika kukumbuka maneno. Tofauti haikuwa kubwa, lakini miaka ishirini na moja ni mingi.

Ni rahisi kuibebesha kemo lawama yote, na si haki. Mtafiti Jeffrey Wefel na wenzake wa Houston, Texas, waliwapima wanawake 84 wenye saratani ya titi kabla hawajaanza kemo. Asilimia 35 tayari walikuwa na upungufu katika majaribio ya akili. Ugonjwa wenyewe una mkono wake, na hofu pia, na pengine upasuaji na dawa za usingizi za chumba cha upasuaji. Kemo huja juu ya hayo yote. Doksorubisini, ile dripu nyekundu ambayo wagonjwa hawaisahau, haipenyi kirahisi kwenye ubongo. Lakini inaamsha uvimbe mwilini, na kemikali za uvimbe huo zinaweza kupeleka taarifa hadi huko. Metotreksati, dawa nyingine ya kemo, hupenya, hasa ikitolewa kwa dozi kubwa. Mwaka 2018 maabara ya Michelle Monje, Chuo Kikuu cha Stanford, ilionyesha kwa panya kwamba metotreksati huzichokoza seli za kinga za ubongo, na hizo zikavuruga utengenezaji wa utando unaofunika nyuzi za neva. Utando ukiwa mwembamba, ujumbe unachelewa njiani.

Halafu kuna usingizi, na hapa ndipo makala haya yanataka kukaa zaidi. Kumbukumbu ya mchana hupangwa usiku. Asiyelala hakumbuki vizuri, awe na saratani au asiwe nayo. Kwa hiyo mwanamke anayelalamikia kusahau anatakiwa kuulizwa swali moja kabla ya MRI na kabla ya dawa yoyote: mama, usiku unalalaje?

Swali hilo haliulizwi mara nyingi. Lakini kule Quebec, Kanada, mwanasaikolojia Josée Savard na wenzake waliwauliza wanawake 300 waliokuwa wamepata mionzi kwa saratani ya titi. Taarifa yao ya mwaka 2001 ilisema asilimia 51 walikuwa na dalili za kukosa usingizi, na asilimia 19 walifikia kiwango cha tatizo kamili la kitabibu. Yaani karibu mmoja kati ya watano. Baadhi yao walikuwa na shida hiyo tangu zamani, saratani ikaizidisha. Wengine iliwaanza walipopewa majibu ya ugonjwa.

Sababu zinajipanga moja baada ya nyingine. Deksamethasoni, dawa inayotolewa pamoja na kemo ili mgonjwa asitapike, humfanya mtu akeshe macho makavu. Ndiyo maana vidonge vyake ni bora vimezwe asubuhi. Maumivu ya kovu humkataza kulalia upande aliouzoea. Hofu ya ugonjwa kurudi huja taa ikizimwa. Na kubwa kuliko yote kwa wengi ni joto la ghafla.

Katika Afrika kusini mwa Sahara saratani ya titi huwapata wanawake wengi wakiwa bado vijana kuliko wale wa Ulaya, mara nyingi katika miaka ya arubaini. Kemo inaweza kuzima ovari ghafla, na hedhi ambayo ingekoma polepole kwa miaka inakoma kwa miezi. Homoni ya estrojeni inaposhuka hivyo, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huwa nyepesi kushtuka: badiliko dogo tu la joto, nayo inafungua jasho. Ongeza vidonge vya tamoksifeni, ambavyo huzuia estrojeni isiilishe saratani na ambavyo vinajulikana kwa kuleta joto la ghafla. Sasa iweke hali hiyo Dar es Salaam mwezi Februari, chumba kimoja, chandarua kimeshushwa, umeme umekatika na feni imesimama. Mama anaamka saa nane usiku kanga imelowa, anabadilisha, anajilaza, na saa tisa na nusu anaamka tena. Asubuhi anaambiwa ana usahaulifu.

Anachofanya baada ya hapo kinajulikana. Anakwenda duka la dawa la mtaani, au jirani anampa Piriton, kwa kuwa kila mtu anajua Piriton inalaza. Inalaza kweli. Lakini ni dawa ya mzio, na jamii yake ya zamani inajulikana kwa kuitia akili ukungu, hasa mtu akiitumia kila usiku. Diazepamu nayo humlaza mtu na kumchukulia kumbukumbu, na ukiizoea ni kazi kuiacha. Mwanamke aliyekwenda kutafuta dawa ya kusahau anarudi na vidonge vinavyosahaulisha.

Wengine hufanya jambo la hatari zaidi: wanaacha tamoksifeni kimyakimya kwa sababu ya joto hilo. Hawamwambii daktari, wanaendelea kuhudhuria kliniki, na vidonge vinabaki kabatini. Hapa lazima isemwe wazi. Kwa saratani inayolishwa na homoni, miaka mitano ya tamoksifeni hupunguza vifo vya ugonjwa huo kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 tangu kuianza. Ni kidonge cha bei nafuu ukilinganisha na kazi yake. Kwa hiyo anayedhani kuulizia usingizi ni anasa ya hospitali za Ulaya afikirie upya, maana usiku mbaya unaweza kumfanya mgonjwa aache dawa inayomlinda, bila mtu yeyote kujua.

Na joto hilo lina tiba. Venlafaksini na gabapentini, ambazo awali zilitengenezwa kwa kazi nyingine, hulipunguza kwa wanawake wengi, na zote huandikwa na daktari. Kuna mtego mmoja: paroksetini na fluoksetini, dawa za sonona, huzuia ini lisiigeuze tamoksifeni kuwa umbo lake lenye nguvu. Daktari wa sonona asiyejua kwamba mgonjwa wake anameza tamoksifeni anaweza kuidhoofisha bila kukusudia. Dawa zote ziwekwe mezani, hata zile za jirani.

Kukosa usingizi kwenyewe, mbali na joto, kuna njia ambayo haihitaji kidonge. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilielekeza kwamba watu wazima wenye tatizo sugu la usingizi waanzishiwe kwanza tiba ya mazungumzo na tabia, dawa zije baadaye. Savard na kundi lake waliijaribu tiba hiyo kwa wanawake 242 waliotibiwa saratani ya titi. Wengine walikutana na mtaalamu ana kwa ana, wengine walitazama mafunzo ya video. Makundi yote mawili yalilala vizuri kuliko wasiopewa kitu, ingawa mtaalamu aliishinda video.

Kanuni yake inamshangaza anayeisikia mara ya kwanza, kwa kuwa inamwambia aliyechoka akae kitandani muda mfupi zaidi. Tuseme mwanamke hupanda kitandani saa tatu usiku na kushuka saa kumi na mbili asubuhi, lakini katika saa hizo tisa usingizi halisi ni saa tano. Ataelekezwa apande saa sita usiku na kuamka saa kumi na moja na nusu, kila siku, Jumapili ikiwemo, na bila kulala mchana. Usingizi ukishajaa ndani ya muda huo, anaongezewa robo saa, kisha nyingine. Akikaa macho kitandani kwa muda mrefu, ainuke, akae mahali pengine mpaka usingizi uje. Kitanda kirudi kuwa mahali pa kulala, kisiwe mahali pa kuhesabu madeni. Wiki za kwanza ni ngumu, na anayeendesha gari, au mwenye kifafa, asijaribu bila msimamizi. Tena maelekezo haya ni kama yameandikwa kwa mwenye sebule. Anayelala chumba kimoja na watoto watatu atahitaji kigoda kwenye korido.

Asiyeweza hilo ana njia nyingine. Mwaka 2017 mtafiti Michael Irwin wa Los Angeles alilinganisha tiba hiyo na tai chi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa taratibu, kwa wanawake 90 waliopona saratani ya titi na wasiolala. Baada ya miezi 15, nusu kasoro kidogo ya kila kundi walikuwa wamepata nafuu ya kueleweka.

Si kila usahaulifu ni wa kemo au wa usingizi. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na sonona vyote hufanana nao, na hupimika. Maumivu mapya ya kichwa yasiyokoma, kutapika, upande mmoja wa mwili kulegea, au kuchanganyikiwa kwa ghafla ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wengine wote, maandalizi ya kliniki ijayo ni daftari la shilingi mia chache. Kwa wiki mbili mama aandike saa aliyopanda kitandani, saa anazokumbuka kuamka na kama alikuwa amelowa jasho, saa aliyoshuka, na kila kidonge alichomeza pamoja na saa yake, Piriton ikiwemo. Kama ameacha tamoksifeni, aandike tarehe aliyoiacha. Daftari hilo amkabidhi daktari kabla hajaulizwa chochote, na kama anaogopa atalisahau nyumbani, ambebeshe binti yake anayemsindikiza.